Mtani Hayumo kwenye Ratiba

Gazeti liliandika kwamba kwenye maziko ya Profesa "watani waliwatumbuiza waombolezaji". Nilisoma sentensi hiyo nikiwa nimesimama dukani, mwanangu ananivuta sketi anataka biskuti, nikacheka mpaka muuza duka akaniuliza kama niko sawa. Sikuwa sawa. Aliyevaa koti la marehemu na kulisimamisha jeneza lake njiani ni mimi, na sikuwa namtumbuiza mtu. Nilikuwa namshitaki marehemu. Mwandishi wa habari ile, naye ni mwanafunzi wa Profesa kama walivyo nusu ya waandishi wa nchi hii, alikuwa amesimama karibu yangu kiasi cha kunikanyaga. Hakuniuliza hata jina.

Basi naandika mwenyewe.

Profesa alifundisha uandishi wa habari mpaka nywele zikamwisha. Alipostaafu akakataa kurudi kwao Tabora, akasema Tabora kuna joto na ndugu. Akajenga Bigwa, pembeni ya mji wetu, pale nyumba zinapoanza kuupanda mlima halafu zikachoka. Alikuwa Mnyamwezi mrefu, mkavu, suruali zake zote zimeishia juu ya kifundo kama zimeogopa matope. Upande wa juu wa nyumba alikuwa na kishamba cha kabichi. Mchana kutwa alikitazama, na viwavi walikula bila wasiwasi.

Mimi ni Mluguru wa juu huko kwenye ukungu, mtoto wa watu wa karoti na misa ya Jumapili. Kidato cha nne nilimaliza. Cha tano sikuitwa, nikaitwa na mambo mengine. Mambo mengine sasa yana miaka mitatu na yanapenda biskuti. Baba yake ni mwanajeshi wa Ngerengere. Ndivyo alivyoniambia mwenyewe, na taarifa hiyo mpaka leo haijathibitishwa. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo kwa kutoroka kwake hajatupunguzia kitu, kajipunguzia yeye.

Nilikutana na Profesa kwenye steshenari niliyokuwa nachapa, mjini. Wanachuo waliniletea tafiti zao zenye kurasa nyingi za shukrani kuliko kurasa za utafiti, nami nachapa, mtoto amelala kwenye beseni chini ya meza. Siku moja akaingia mzee na makala ya gazeti aliyoiandika kwa mkono, maana kompyuta aliiogopa kama nyoka. Nikaanza kuchapa. Nikafika kwenye sentensi moja ndefu kama treni ya mizigo, nikangoja nukta ipite, haipiti.

"Shikamoo mzee. Hii sentensi umeipakia mno, itaanguka njiani."

"Marahaba. Wewe kabila gani?"

"Mluguru."

Akavua miwani, akatabasamu kama mtu aliyeokota kitu. "Kumbe mtani wangu! Ndiyo maana. Mluguru sentensi ndefu haziwezi, mguu mmoja mfupi kwa kutembea ubavuni mwa mlima."

"Na Mnyamwezi hawezi kuona kitu asikibebeshe mzigo. Mlibeba pembe za watu mpaka pwani, mkarudi na stori tu."

Wenye foleni walicheka mpaka mtoto akaamka. Kwa asiyejua: Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anakutukana na huruhusiwi kununa. Ukifa, ndiye anayekuja kukucheka mbele ya watu, avae nguo zako, aige mwendo wako, akuseme yale ambayo wanao wanaogopa kuyasema. Wanaolia wanapata mahali pa kupumzikia, na wewe unakwenda umeshasemwa yote.

Toka siku ile nikawa napanda kwake kila Jumamosi na mtoto mgongoni. Yeye kwenye kiti cha kamba, mimi kwenye ngazi. Salamu yetu ilikuwa moja: "Shikamoo mpagazi." "Marahaba, mguu mfupi." Kisha ananyoosha mkono, nampa nilichoandika, anatoa kalamu nyekundu sikioni, na damu inaanza kumwagika.

Ugonjwa wake ulikuwa swali moja: *Nani kasema?* Niliandika wananchi wanalalamikia maji. "Wananchi gani? Wote? Na yule mlevi wa pale kona, naye analalamikia maji? Nani kasema?" Niliandika inasemekana. Akaikata mpaka karatasi ikatoboka. "Inasemekana ni nani? Anaishi wapi? Ana simu?" Mwanangu alijifunza swali hilo kabla ya kujifunza kuomba uji. Nikimwambia kalale, ananiuliza nani kasema. Asante sana, Profesa.

Na alikuwa anachukia lugha ya misiba. Akiona mahali imeandikwa marehemu ameacha pengo lisilozibika, anasema, "Mpelekeni kwa daktari wa meno." Mnaona ninakoelekea.

Siku moja nilimpelekea habari ya barabara ya kwetu iliyomezwa na udongo, mwanzo umenishinda. Nimeandika mistari mingi ya mvua kabla ya kufika kwenye barabara. Akasema, "Unajua tatizo lako? Una karatasi nyingi." Nikakasirika. Nikamwambia kwetu habari hatuzipi karatasi kabisa. Huko juu mtu wa ubavu huu akitaka kumwambia kitu mtu wa ubavu wa pili, kushuka bondeni na kupanda tena ni nusu siku. Kwa hiyo unapanda kwenye jiwe, unavuta pumzi, unapiga ukelele. Pumzi ni hiyo hiyo moja, ya pili inachukuliwa na upepo. Kwa hiyo kilicho kikubwa kinatangulia: nani, kapatwa na nini, wapi. Habari za mvua baadaye, watu wakishakuja.

"Halafu?" akauliza. Kalamu ameishusha.

"Halafu wale wa ng'ambo wanakuuliza: nani kasema?"

"Wanakuuliza nini?"

"Nani kasema. Lazima utaje jina lako na ukoo wako. Usipotaja, hakuna anayelaza jembe chini. Kuna watoto waliwahi kutangaza msiba wa uongo kwa kucheza, watu wakateremka na kuni na unga, wakamkuta marehemu anamenya ndizi."

Alifumba macho. Mimi nilidhani amesinzia, maana hiyo ilikuwa tabia yake pia. Mwisho akasema taratibu, "Maisha yangu yote nimefundisha kitu hiki, kumbe mlima ulinitangulia. Rudia." Nikarudia. "Rudia tena." Nikarudia. Nilijiona mtu mkubwa. Nilishuka Bigwa siku ile kama niliyetunukiwa shahada.

Miezi ikapita. Akaalikwa kuwafundisha waandishi kwenye semina, Dar, hoteli yenye viti vilivyovalishwa magauni. Nikaenda kumbebea mabegi. Mluguru anambebea mizigo Mnyamwezi, muone historia ilivyo na adabu mbaya. Nikasimama mlangoni na mtoto mgongoni, namsikiliza. Akawaambia, "Leo nawapa Njia ya Pumzi Moja." Akaeleza jiwe, bonde, pumzi, swali la ng'ambo. Watu wanaandika kama wanaamriwa. Moyo wangu unadunda, nangoja anitaje. Mtu mmoja akanyoosha mkono: Profesa, njia hii umeipata wapi?

"Katika uzoefu wangu," akasema Profesa.

Uzoefu wake ulikuwa mlangoni, umelowa mkojo wa mtoto.

Tukarudi kwa basi. Tuliposimama Mikese alininunulia muhindi wa kuchoma, na wake. Nikamgeukia.

"Profesa. Nani kasema?"

"Nani kasema nini?"

"Pumzi moja. Nani kasema?"

Akatafuna. Akatazama malori. Akatafuna tena. "Binti," akasema, "mahindi haya magumu."

Mtu aliyewafelisha watoto wa watu kwa kutotaja chanzo! Mtu aliyenitobolea karatasi kwa *inasemekana* moja! Baadaye akawa ananiambia, "Nitakutaja, mtani, nitakutaja." Alisema hivyo jikoni, alisema kwenye ngazi, alisema kila mahali isipokuwa mbele ya watu. Njia ya Pumzi Moja ikaenda vyuoni, ikaenda redioni, ikatengenezewa na picha za kuonyesha ukutani. Mimi nikaendelea kumpandia kila Jumamosi. Msiniulize kwa nini. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kusoma nilichoandika mpaka mwisho, kwa kalamu au bila kalamu. Vihabari vyangu redio ya hapa mjini ilivisoma kwa sababu yake. Mtu anaweza kukuibia kwa mkono huu na kukulisha kwa mkono ule, na wewe ukabaki umeshika sahani hujui ulie au ule.

Kisha akaugua kifua, akalazwa, akafa. Alinipa hata hasira ya kutoaga.

Wanafunzi wake wakateremka kutoka Dar na magari yanayong'aa. Wakaunda kamati, kamati ikaunda grupu la simu, grupu likaunda fulana zenye picha ya Profesa akiwa bado na nywele. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mtangazaji wa televisheni, yule mwenye sauti kama ameweka asali kooni. Hata kuomba chumvi anaomba kama anafungua taarifa ya habari.

Mimi nilikuwa jikoni nyuma namenya vitunguu saumu. Nilipopanda asubuhi na mtoto mgongoni nilionyeshwa jiko kabla sijatoa salamu. Mwenyekiti akapita.

"Dada, meza kuu bado haijapata supu."

"Kaka, sufuria ile pale, na mikono naona unayo. Watani wamewekwa wapi kwenye ratiba?"

"Watani?"

"Watani wa marehemu. Waluguru. Wengine wale wameteremka na kuni zao, wamekaa pale kwenye ukuta."

Akafungua ratiba, karatasi ya kung'aa. Akaitazama kwa huruma, kama mtu anayemtafutia mgonjwa kitanda na vitanda vimejaa. "Dada yangu, muda hauruhusu. Tuna salamu za taasisi nyingi. Na unajua, hii ni shughuli ya kitaaluma."

"Kwani na marehemu amekufa kitaaluma?"

Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Wewe ni nani wa familia? Dada wa kazi?"

Nilikuwa na kisu mkononi, lakini nilikuwa na mtoto mgongoni pia. Nikamenya kitunguu.

Ukaja wasifu. Aliusoma mwenyewe, na ile asali yake yote. Profesa alikuwa nguli. Profesa alikuwa jembe. Profesa alikuwa mnara, taa, chemchemi na maktaba inayotembea. Pengo lisilozibika lilikuja mwanzoni, likarudi katikati, na mwishoni likaja tena kuaga. Halafu nikasikia: "Na nani atasahau Njia ya Pumzi Moja, ambayo Profesa aliileta kutoka masomoni Ulaya?"

Ulaya.

Nilitoka mpaka mlango wa jiko, mwiko mkononi. Uwanja mzima umejaa waandishi wa habari, wahariri, walimu wa waandishi wa habari, na hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa kuuliza nani kasema. Baadaye nilikuja kujua: mmoja alidhani, akaandika kwenye grupu, wa pili akanakili, wa tatu akamnakili wa pili, ikawa kweli. Hivyo ndivyo walivyomzika mwalimu wao, kwa *inasemekana*.

Mama, mke wa Profesa, alikuwa ndani kwenye magodoro na wanawake. Alituma niitwe. Nikapiga magoti. "Shikamoo Mama, pole."

"Marahaba. Umesikia Ulaya?"

"Nimesikia, Mama."

"Ulaya alikuta baridi tupu, akarudi na kikohozi." Akajifuta uso kwa kanga. "Mimi nilimwambia, mtaje huyu mtoto. Mara ngapi! Akanijibu, mtani hatajwi, mtani atajitaja."

Nilikuwa bado na mwiko mkononi, nikauweka chini.

"Uvivu tu ule," akasema Mama. "Uvivu wake wote aliuita ualimu. Asante ilikuwa inamkwama kooni. Mimi nimempikia maisha yangu yote, asante yake ilikuwa 'leo chumvi imekaa'." Wanawake wakaanza kucheka chini chini, na yeye akacheka, kisha kicheko kikamgeukia kikawa kilio, wakamshika. Akiwa hivyo hivyo ndani ya mikono yao akaniambia, "Koti lake liko nyuma ya mlango."

Jeneza lilipotoka kupandishwa kule kwenye kishamba cha kabichi, alikotaka azikwe, walinikuta nimesimama katikati ya njia, mtoto nimemwachia jirani. Koti linanifika magotini. Miwani yake iko kwenye ncha ya pua yangu, sioni kitu. Kalamu nyekundu sikioni. Suruali yake nayo nimeivaa, nimeikunja ikaishia juu ya kifundo. Nikatembea mwendo wake, ule wa korongo aliyepoteza funguo, na kule kwenye ukuta watani wenzangu wakapiga vigelegele.

"Simameni hapo!" nikasema kwa sauti yake. "Mwili huu mnaupeleka wapi? Nani kasema amekufa?"

"Jamani, dada, heshima," akasema mwenyekiti.

"Heshima ni nani? Anaishi wapi? Ana simu?"

Hapo hata waandishi walicheka. Walikuwa wamemsikia Profesa mwenyewe. Mwenyekiti akawaita vijana wa fulana wanitoe. Kaka mkubwa wa marehemu, mzee aliyekuja kwa treni kutoka Tabora, akainua fimbo. "Mwacheni! Huyo ni mtani. Mkimgusa hatuziki leo."

Basi nikaendelea. Nikamwambia marehemu: mpagazi wewe, babu zako walitembea na mizigo mpaka baharini, wewe kilima cha Bigwa kilikushinda ukiwa na gazeti tu mkononi. Umelala kwenye mahafali ya watu mpaka ukakoromea hotuba ya mgeni rasmi. Chai yako ulitia sukari kama unafukia shimo, ya mgeni ukaionyesha sukari kwa mbali. Viwavi wako leo wamefiwa, nani atawalisha? Watu walishika mbavu. Hata wabeba jeneza ilibidi waliweke chini.

Kisha nikavua miwani nikamwinamia. "Profesa. Pumzi moja. Nani kasema?"

Nikangoja. Nikatega sikio kwenye ubao.

"Hajibu! Mahindi hayana ugumu leo, lakini hajibu! Ulaya ipi, Profesa? Ulaya ile ya juu hapa, ukipita kanisa? Ulaya ile inayolima karoti? Mimi chanzo chako nilikaa kwenye ngazi yako na mtoto mgongoni, ukanila kama mahindi ya Mikese, ukatupa gunzi!"

Wakacheka. Wakacheka sana. Mwingine alikuwa anarekodi kwa simu, anajifuta machozi ya furaha. Nikawatazama wale waandishi mmoja mmoja, nikaona hakuna aliyesikia. Huo ndio ubaya wa utani. Unakufungulia mlango useme yote, na kwa kuwa unaruhusiwa kusema yote, hakuna anayeamini hata moja. Kesho wataandika watani waliwatumbuiza. Nilijua kabla hawajaandika.

Nikawapisha, wakamnyanyua, tukapanda. Kaburi lilikuwa mwisho wa kabichi, na pembeni yake kuna jiwe, na mbele ya jiwe bonde, na ng'ambo ya bonde wanawake wanalima matuta yao, wadogo kama siafu kwenye ule ubavu. Msiba hawana habari nao. Wao hawamo kwenye grupu.

Padre akafungua kitabu. Mimi nikapanda kwenye jiwe, nao wakaanza kucheka tena.

Sikuwa nimepanga. Nikavuta pumzi mpaka vifungo vya koti la Profesa vikaguna, nikapeleka ukelele ng'ambo:

"Profesa wa Bigwa kafarikiii, tunamzika sasa hivi, hapa kwakeee!"

Pumzi ikaisha pale pale ilipotakiwa kuishia. Bonde likaichukua. Kule ng'ambo migongo ikanyooka mmoja mmoja. Kisha sauti ya mwanamke ikaja, nyembamba, imechoka kwa njia lakini kila neno liko mahali pake:

"Nani kasemaaa?"

Nyuma yangu kicheko kilikatika kama kilichokanyagwa. Nikageuka kidogo nikawaona, fulana zote zile, vinywa wazi. Mwenyekiti alikuwa ameshika ratiba yake kifuani. Mama alikuwa amefumba macho na anatikisa kichwa, kama mtu aliyesikia wimbo anaoujua. Nikalitazama jeneza. Haya, mvivu wewe, nikasema moyoni. Najitaja.

Nikavuta pumzi nyingine. Nikalitaja jina langu lote, nililopewa, la baba, na ukoo wa mama yangu, na la kijiji chetu juu ya kanisa. Nikalitaja polepole, maana jina si habari, jina halihitaji kukimbizwa na upepo.

Ng'ambo wakalaza majembe. Wakaanza kuteremka, mstari wa kanga kwenye kijani, wanashuka bondeni ili waje wapande kwetu.

"Lakini ratiba..." akasema mwenyekiti, na asali yote imemwisha.

Padre ni mtoto wa milima hii. Alifunga kitabu chake, akakiweka kwapani, akakaa kwenye ukingo wa udongo mbichi kuwasubiri.